Povu la Chungu cha Vasanta

Bi Bakhita alikuwa akiwajua miungu wa kike wa kusini ya India kama alivyokuwa akiwajua mawifi zake: hajawahi kuwaomba kitu hata siku moja, ila khabari zao zote anazo.

Yule wa Madurai, kwa mfano. Kila usiku makuhani humbeba mumewe kwenye machela, kwa ngoma na ubani, wakampeleka chumbani kwa mkewe. Mume ndiye anayepelekwa! "Kila usiku, Mungu anisamehe," Bi Bakhita akiwasimulia wageni, "na bibie amekaa tu, anangoja mzigo ufike. Mie marehemu wangu nani aliyembeba? Akijikokota mwenyewe kutoka barazani, na akishafika anakoroma." Akimjua na yule wa Kanyakumari, ambaye kipini chake cha pua, wanasema, kiking'aa mno hadi manahodha wakakidhani taa ya mnara, vyombo vyao vikapanda miamba. Lakini kipenzi chake ni wa Kodungallur, kwa sababu mara moja kwa mwaka watu humwendea hekaluni na nyimbo za matusi, matusi ya nguoni, na yeye ndio kwanza anafurahi.

"Huyo wa Makunduchi huyo," Bi Bakhita akisema. "Siku ya Mwaka Kogwa, ya kuimbiana matusi. Dada yetu, kapotea njia tu akashukia India."

Jirani yake, Bi Muhsina, ambaye amehiji mara mbili na hukukumbusha zote mbili, akimwambia, "Bakhita, wewe utakufa, na istighfari haitakutosha."

"Mie siwaabudu, Muhsina. Mie nawasengenya. Hayo ni makosa mengine."

Khabari zote hizo alizipata kwa Vasanta. Vasanta alikuwa mpishi mkuu wa jiko la Bi Bakhita lililoko Wadi Kabir, huko Uarabuni, nyuma ya gereji za kunyosha bodi, jiko linalolisha harusi za watu na mikutano ya maofisi ya Qurum. Aliingia jikoni humo miaka kumi na minane nyuma akitokea Trivandrum, Kerala, hajui Kiarabu wala Kiswahili. Kiswahili alichokuja kukijua alikiokota humo humo, baina ya vitunguu na sufuria, kwa hivyo akiwa na furaha aliimba Kimalayali na akiwa na hasira alitukana Kiunguja safi. Bi Bakhita alimwita "shoga". Yeye alimwita Bi Bakhita "chechi", yaani dada mkubwa kwa kwao. Mmoja akimenya vitunguu, mwengine akikuna nazi, midomo haipumziki, na asiyewajua angedhani wanagombana. Mara nyingi kweli walikuwa wanagombana.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka, Vasanta aliweka mbuzi ya nazi chini akasema, "Chechi, binti yangu Lata kapata chumba huko kwetu Trivandrum, kando ya barabara, karibu na kituo cha mabasi. Mlango wa buluu. Anataka tuuze chai na chakula, mimi na yeye. Nami nna miaka hamsini na mbili."

Bi Bakhita alinyamaza muda wa kumenya kitunguu kimoja, jambo ambalo Edith, msaidizi wao Mkenya, alilihadithia baadaye kama mtu aliyeona kupatwa kwa jua. Kisha akasema, "Nani atanipikia?"

Sicho alichotaka kusema. Alichotaka kusema ni kwamba mume amekufa, wanawe wote wamejenga huko Mawalih na wanakuja Ijumaa wakiwa na simu mikononi, na yeye Bakhita ataongea na nani. Lakini mdomo wa jikoni husema ya jikoni.

"Bado sijaamua," Vasanta akasema. "Nitamuuliza Amma. Siku ya pongala atanijibu. Akisema niende, nakwenda. Akisema nikae, nakaa na sifungui tena mdomo."

Amma huyo, yaani mama, ni mungu wa kike wa hekalu la Attukal, huko kwao Trivandrum. Bi Bakhita alikuwa na khabari zake pia: kwamba zamani alijitokeza mtoni kwa sura ya kijana wa kike, akamwomba mzee amvushe, mzee akamvusha na kumkaribisha nyumbani ale, na mzee kugeuka, binti hayupo. ("Alikula kwanza au alitoweka na njaa?" Bi Bakhita aliuliza siku ile. Vasanta hakujua. Miaka kumi na minane, bado hajasamehewa kwa kutojua.) Na kila mwaka wanawake kwa malaki humfuata Amma huyo, mwanamume haruhusiwi. Wanapanga matofali matatu matatu barabarani, hadi mji mzima unakuwa jiko moja, kila mmoja na chungu chake cha udongo, na wanapika mchele na sukari guru na nazi, ndiyo hiyo pongala. Kuhani anawasha moto hekaluni, na moto huo unapokezwa figa kwa figa, maili kwa maili.

"Na atakujibu vipi?" Bi Bakhita aliuliza. "Atakupigia simu?"

"Chungu kitanijibu."

"Kitasemaje?"

"Nadhiri haisemwi, chechi."

Bi Bakhita aliuliza tena kesho yake, na keshokutwa, na siku ya harusi ya watu Al Khuwair aliuliza mara tatu. Vasanta hakusema. Na lile ambalo si siri, lile analolijua kila mtoto wa Kerala kabla hajaota meno, Vasanta hakulitaja kwa sababu nani hutaja jambo kama hilo? Ni kama kumwambia mtu kuwa mvua huanguka kuja chini.

Miaka yote Vasanta na wenzake walipikia pongala kwenye paa la jengo fulani. Mwaka huu mwenye jengo akakataza moto. Bi Bakhita ndiye aliyetoa ua wake. Bi Muhsina alipouliza kwa juu ya ukuta inakuwaje Mwislamu anakaribisha ibada za Kihindu uani kwake, alijibiwa, "Uani kwangu wanapika uji. Wanayesema naye wakati wanapika, hayo yao. Mbona wewe ukipika unasema na simu?"

Ikafika siku, ikiwa imebaki wiki mbili kuingia Ramadhani. Khalil, mwanawe Bi Bakhita, alileta matofali kwa gari, akayashusha, akafukuzwa. Wakaja wanawake watatu wa Kimalayali wamevaa sari nyeupe zenye pindo la dhahabu, mmoja wao muuguzi kijana aitwaye Srija, kila mtu na chungu kipya. Wakapanga mafiga yao yakielekea mashariki. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la samli, ikionesha hekalu moja kwa moja kutoka Trivandrum. Saa tatu za asubuhi kuhani akawasha moto huko, na uani Wadi Kabir nao wakawasha hapo hapo, kwa makuti makavu ya mtende.

Bi Bakhita aliwekewa kiti kama mwenye nyumba. Kukaa kitako hali watu wanapika ni adhabu ambayo hajawahi kuhukumiwa. Alikaa, akachezesha mguu. Akamwona Vasanta amefumba macho, midomo inacheza. Hapa ndipo linapoamuliwa, alijiambia. Ya Rabbi, huyu mtu anauliza uji kama anikimbie au asinikimbie.

Mara moto wa Srija ukafa. Upande ule makuti yalikuwa na unyevu, moshi ukajaa, binti akaanza kukohoa na kulia. Vasanta akafumbua macho, akaenda kumsaidia, akainama kupuliza akiwa amekipa mgongo chungu chake.

Na chungu chake kikaanza kupanda.

Hapa lazima ijulikane Bi Bakhita ni mtu gani mbele ya chungu. Huyu aliolewa na miaka kumi na saba, na siku ya kwanza jikoni kwa mama mkwe maziwa yalimfurikia, wifi zake wakacheka, na toka siku hiyo hajamwagikiwa tena na kitu. Miaka arubaini na mitano. Akisikia sufuria inabadilisha sauti chumba cha tatu, ameshafika. Chungu kumwagika, kwake, ni kama kanga kumvuka mtu sokoni.

Sasa povu linakuja, jeupe, zito, limefika shingoni mwa chungu, limefika mdomoni. Na yeye anajua kwamba chungu hiki leo ndicho kinachosema. Aliyemfundisha kuwa kumwagikiwa ni nuksi si mtu mmoja, ni ukoo. Kikimwagika, balaa. Kikimwagika, Vasanta ameshaondoka.

Alikuwa ameshasimama. Akavuta ukuni mmoja, akavuta wa pili, akapiga upawa mmoja wa haraka haraka kulivunja povu. Tone moja lilikuwa limeshavuka mdomo, linateremka ubavuni mwa chungu. Akalipangusa kwa kidole. Na kidole, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, kikaenda zake mdomoni.

Sukari kidogo, aliwaza. Akarudi kitini, akakaa kama sanamu.

Edith, aliyekuwa akipita na kuni kifuani, alisimama akamtazama, akaendelea na njia yake.

Vasanta aliporudi alikuta moto umelegea. Akauchochea, akangoja. Chungu kikatokota polepole, taratibu, kama kizee kinachopumua. Uji ukishashika haufuri tena. Wakati huo chungu cha mama mmoja kati ya wale wageni kikapanda kikafurika, uji ukashuka pande zote ukazima nusu ya moto, na yule mama akapiga makofi machozi yakimtoka. Kikafurika na cha mwenzake. Wakamkumbatia. Hata cha Srija, na moshi wake wote, kikafurika. Bi Bakhita akashangaa: wapishi wanne, watatu wamemwagikiwa, na wanapongezana?

Akamsikia Srija akimweleza Edith kwa Kiingereza cha hospitali, na Edith akatafsiri kwa sauti bila kuulizwa: "Ati ikimwagika, Amma amekubali. Ndio wanaomba imwagike. Isipomwagika, ombi limekataliwa."

Bi Bakhita akakificha kile kidole ndani ya kanga.

Vasanta alikuwa bado amechutama mbele ya chungu chake kizima, kisafi, kisicho na hata doa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akasema, hakumwambia mtu hasa, "Amma kakataa."

"Kakataa nini?" Bi Bakhita akauliza, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Nilimwambia kikifurika niende kwa Lata. Kikitulia, nikae. Kimetulia." Akajifuta uso kwa pindo la sari. "Basi. Nakaa."

Na Bi Bakhita, kabla hajajizuia, alisema, "Alhamdulillahi."

Hakuna siri iliyowahi kulala kwa Bi Bakhita. Khabari iliyoingia kwake adhuhuri, alasiri ilikuwa imeshafika hadi kijiji cha Yiti, na ikirudi inakuwa imenenepa. Watu walimwambia mambo yao kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi kuliko kutoa tangazo. Sasa huyo ndiye aliyetakiwa atie jambo tumboni na afunge.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Jiko limepona, Vasanta yupo, Ramadhani inakuja na maombi ya sambusa mia tano tano. Mie nilikuwa naokoa uji, alijiambia. Kuokoa chakula kuna thawabu.

Siku ya pili alimvuta Edith stoo. "Siku ile, uliniona?"

"Mimi, mama? Mimi sikuona kitu."

"Kitu gani hukuona?"

"Vile ulitoa kuni. Na vile ulilamba kidole." Edith akatazama dari. "Ai, mimi nilidhani unajua maana yake. Nikasema, wacha, hawa wazee wako na mambo yao."

"Sikujua!"

"Sasa si umwambie tu?"

"Nikimwambia atakwenda."

"Eeh," Edith akasema, "hapo sasa." Akachukua gunia la unga akatoka.

Siku ya tatu Vasanta alitoa kwenye mlango wa friji ile picha ya chumba chenye mlango wa buluu. Hakuichana. Aliitia bahasha, bahasha akaitia begi. Na toka siku hiyo, pilau lake likawa zuri mno, sambusa zake nyembamba kama karatasi ya sigara, na yeye mwenyewe hasemi. Anaulizwa, anajibu. Ndiyo chechi, hapana chechi. Bi Bakhita akatupa ndoana: "Hivi yule wa Madurai, mumewe akiwa na mafua, humbeba vile vile?"

"Sijui, chechi."

"Na yule wa Kodungallur, wanamtukana vipi hasa? Niambie moja tu. Dogo."

"Nimesahau."

Amesahau! Mtu aliyemtukana mwenye duka la gesi ukoo mzima mwezi uliopita bila kurudia neno. Jiko likawa kama nyumba yenye matanga, ila marehemu anakuna nazi. Bi Bakhita alimpata Vasanta wa mikono, mzima, hakupungua kidole. Aliyekuwa akimtaka hasa ndiye aliyeondoka, na nauli hakulipa mtu.

Ikafika siku ya kukunja sambusa za Ramadhani. Siku hiyo ua huwa umejaa: Bi Muhsina, wake wa wanawe, majirani, Edith, wanawake kumi na kitu wamezunguka masinia ya nyama na manda za kufungia, na khabari za mwaka mzima zinafungwa humo pamoja na nyama. Mwaka huu walikuwa wakimngoja Bi Bakhita aanze, na yeye anakunja tu. Alikunja sambusa tano za pembe nne.

"Bakhita unaumwa?" Bi Muhsina akauliza. "Umeenda kupima sukari?"

"Ramadhani inaingia keshokutwa," Bi Bakhita akasema. "Mie siwezi kufunga na kitu hiki tumboni, saumu yangu haitakuwa na nafasi ya kukaa." Akamgeukia Vasanta. "Shoga, kile chungu nilikizima mie."

Mikono yote ikasita.

"Nilikuwa sijui. Wallahi sikujua. Nilikiona kinapanda, nikavuta kuni. Miye nikajua kumwagika ni nuksi. Amma wako hakukataa kitu. Nilimziba mdomo."

Mtu mmoja akasema "Yarabi." Edith alitazama manda yake kana kwamba imeandikwa kitu. Vasanta aliweka sambusa yake sinia polepole. Kisha akafungua mdomo, na Kiunguja chote cha miaka kumi na minane kikatoka. Alianza na Bi Bakhita mwenyewe, akapanda kwa mama yake, akateremka kwa wajukuu, akapita kwa mkono wake, kidole chake na kiti alichokalia, na hakurudia neno. Bi Muhsina, mwenye hija mbili, alijiziba masikio kwa vidole vilivyoachana.

Bi Bakhita alisikiliza yote. Moyoni akasema, huyo, karudi.

Vasanta aliishiwa na pumzi. Wote wakangoja alie. Badala yake aliuliza, kwa sauti ya mpishi anayemhoji mpishi, "Povu lilifika wapi?"

"Mdomoni."

"Mdomoni kwa ndani, au lilivuka?"

Bi Bakhita akamtazama. Akaielewa njia aliyofunguliwa. Neno moja tu. Akisema halikuvuka, basi jibu halikupatikana, pongala hadi mwaka ujao, na Vasanta yupo mwaka mzima, na matusi yake yote. Wala si uongo mkubwa. Tone moja! Nani aliyeliona tone moja? Edith alikuwa amebeba kuni. Alifungua mdomo aseme, na wanawake kumi na kitu wakainamisha vichwa wasikie.

"Lilivuka," akasema. "Tone moja. Likashuka ubavuni, upande huu wa mashariki."

"Mbona mie sikuliona? Liko wapi?"

"Nililila."

"Umelila!" Vasanta akasimama. "Umekula tone la Amma, kabla ya Amma?"

"Nilionja tu, mpishi anayepika bila kuonja ni mpishi gani?"

"Pongala haionjwi! Haionjwi hadi ibarikiwe!"

"Sasa na hilo pia hukunambia! Wewe unaniambia mume wa nani kabebwa na nani, la maana hunambii!"

"Lilivuka," Vasanta akasema tena, lakini sasa kwa kujisemea. Akakaa. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa mikono yenye unga. "Lilivuka, chechi. Amma hakuniambia lazima liwe ndoo."

Bi Bakhita alichukua manda, akaikunja vibaya, akaikunjua.

"Utaondoka lini?"

"Baada ya Idi. Nikumalizie Ramadhani. Nimfundishe Edith pilau."

"Edith hatoweza. Anatia royco kila kitu."

"Ghai, mama, mimi niko hapa," Edith akasema.

Wanawake wakapumua, mikono ikarudi masiniani. Bi Muhsina akauliza ni wapi hasa kilipo kituo hicho cha mabasi. Vasanta alikuwa bado anajifuta uso, unga umemwenea mashavuni kama bi harusi aliyepakwa singo, akamgeukia Bi Bakhita.

"Lilikuwaje?"

"Nini?"

"Tone."

Bi Bakhita akafikiri. Kuna mambo mtu husamehewa na mengine hawezi kujizuia.

"Zuri," akasema. "Sukari kidogo."

"Sukari haikuwa kidogo!"

"Ilikuwa kidogo, shoga. Amma wako kavumilia tu."

"Vibao vitatu vya guru nilitia! Vitatu, kwa chungu kile!"

"Ungetia vinne."

"Vinne ni uji wa mtoto mgonjwa! Miaka kumi na minane unanambia sukari kidogo, chumvi kidogo, iliki nyingi..."

"Iliki nayo ilikuwa nyingi."

Vasanta akarusha manda.